Uchunguzi wa Ajali ya Kaptagat

Kama hujapata kufika Kaptagat, msomaji, fikiri nchi ya juu yenye baridi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Eldoret. Misitu ya misonobari imesimama huku na huku, na kati ya misitu yako mashamba ya mahindi, ngano na viazi. Ukizidi kwenda mashariki ardhi hukatika ghafula, ikateremka mpaka bonde la Kerio. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, vijana hupita kwa makundi wakikimbia, na pumzi zao huonekana kama moshi katika baridi. Kwa sababu ya vijana hao jina la Kaptagat linajulikana katika nchi za mbali ambako majina ya miji yetu mikubwa hayajapata kusikika. Barabara ya lami itokayo Eldama Ravine kwenda Eldoret hupita humo humo.

Katika barabara hiyo, usiku wa Jumapili tarehe 11 Februari 2024, yapata saa tano, motokaa aina ya Toyota Premio iliacha njia. Ndani yake walikuwamo watu watatu. Wawili walikufa papo hapo: Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa marathoni, na Gervais Hakizimana, mwalimu wake, mwenyeji wa Rwanda. Wa tatu, mwanamke, alichukuliwa kupelekwa hospitali ya Eldoret akiwa na majeraha, akaokoka.

Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Alizaliwa mwezi wa Desemba 1999 na kukulia Chepkorio, si mbali na hapo alipofia. Hakizimana alimjua tangu alipokuwa mtoto mchungaji asiye na viatu, aliyependa kuwafuata wakimbiaji wakubwa walipopita karibu na shamba la baba yake. Miaka ikapita, na yule mchungaji akawa mwanafunzi wake. Katika muda usiotimia mwaka mmoja Kiptum alikimbia marathoni tatu akashinda zote: Valencia, Disemba 2022, London, Aprili 2023, na Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023. Huko Chicago alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 2 na sekunde 35, akawa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo rasmi chini ya saa 2 na dakika 1. Shirikisho la riadha la dunia liliithibitisha rekodi hiyo tarehe 6 Februari 2024. Siku tano baadaye hakuwako.

Habari za mbio zake umekwisha kuzisoma mahali pengi, wala sizirudii. Nataka tutazame jambo ambalo magazeti hulipita upesi, nalo ni namna watu wanavyotafuta chanzo cha kifo cha barabarani, na kwa nini jawabu la kwanza litolewalo aghalabu si jawabu.

Tuanze na maneno ya polisi. Taarifa yao ilisema kwamba Kiptum mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha, akitoka upande wa Kaptagat kuelekea Eldoret. Kwamba motokaa ilimshinda, ikaacha njia, ikaingia katika mtaro wa kushoto, ikaenda kama mita 60, kisha ikagonga mti mkubwa. Gari jingine halikutajwa kuwa liligongana nalo. Hayo ni maneno machache, lakini yana mambo mengi ndani yake, na nitayarudia.

Kulipokucha, nchi haikuuliza juu ya mtaro wala mti. Iliuliza: nani? Kijana aliyevunja rekodi ya dunia, mwenye mali mpya na jina jipya, afe hivi hivi tu, katika njia aliyoizoea, karibu na kwao? Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba siku zilizopita walifika nyumbani watu wanne wakimtafuta mwanawe, wakakataa kujitambulisha, naye akaiomba serikali ichunguze. Polisi walilifuata neno hilo, wakawahoji watu. Wakati huo huo sokoni, katika matatu na katika simu za mkononi, kila mtu alikuwa amekwisha toa hukumu yake.

Simlaumu baba yule hata kidogo. Mzazi aliyepoteza mwana ana haki ya kuuliza kila swali, na askari ana wajibu wa kulisikiliza. Lakini wewe uliye mwanafunzi wa historia yakupasa kutambua tofauti iliyopo kati ya swali na ushahidi. Kwamba wageni walifika nyumbani siku fulani ni habari ya siku hiyo. Ili habari hiyo ifike mpaka kwenye mti ule wa barabarani usiku wa tarehe 11, lazima pawe na daraja la kuivusha: alama katika chuma, jeraha katika mwili, au neno la mtu aliyeona. Pasipo daraja, wageni wanabaki upande wao na mti unabaki upande wake.

Mabishano ya namna hii yana umri sawa na motokaa yenyewe. Hebu turudi nyuma mpaka London, tarehe 17 Agosti 1896. Siku hiyo mwanamke mmoja aliyeitwa Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, alikuwa akitembea pamoja na binti yake katika viwanja vya Crystal Palace. Palikuwa na maonyesho, na kampuni moja ilikuwa ikiwapandisha watu katika magari mapya yasiyovutwa na farasi. Gari moja lilimgonga, akafa. Huko Uingereza ndiye mtu wa kwanza aliyekuwa akienda kwa miguu kuuawa na motokaa ya petroli.

Baraza la kuchunguza kifo chake lilikaa kwa muda wa saa sita. Shahidi mmoja, mtumishi wa nyumbani, alisema gari lilikuja kwa mwendo wa kutisha, kama gari la wazima moto. Dereva akasema alikuwa akienda maili 4 tu kwa saa, yaani kilomita zipatazo 6 na nusu, mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Fikiri, msomaji: mambo yale yale, mahali pale pale, saa ile ile, na mashahidi wawili walioapa, lakini maneno yao hayakutani hata kidogo. Baraza lingemwamini nani? Lilimwita fundi aliyeikagua mashine. Fundi akaeleza kwamba kwa jinsi ukanda wa mtambo ulivyokuwa umefungwa, gari lile halikuweza kupita maili 4 na nusu kwa saa. Mwisho wake wanabaraza wakaamua kwamba kifo kilitokea kwa ajali. Mkuu wa baraza, Percy Morrison, alisema anatumaini kwamba jambo kama hilo halitatokea tena. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo sheria mpya ya Uingereza ikayaruhusu magari kwenda kasi zaidi.

Watu hupenda kumcheka Morrison kwa tumaini lake. Mimi naona baraza lake lilifanya jambo la maana. Liliposhindwa kuchagua kati ya jicho la mtumishi na ulimi wa dereva, lilikiuliza chuma. Chuma hakina huruma kwa mtu wala chuki naye, na tangu siku zile kazi yote ya uchunguzi wa ajali imekuwa kujifunza namna ya kuuliza vitu visivyosema.

Basi turudi Kaptagat, kwenye zile mita 60. Mtu asiyezoea hesabu husoma tarakimu hiyo akaipita. Mchunguzi huiona kuwa ni shahidi. Dereva akiona hatari mbele yake, hupita muda wa kama sekunde moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki na breki haijaanza kushika. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 katika sekunde hiyo moja, na breki nzuri juu ya lami kavu zitalisimamisha baada ya mita 14 nyingine: jumla mita 28. Sasa fanya mwendo uwe kilomita 100. Waweza kudhani jumla itakuwa mara mbili ya hiyo ya kwanza. La. Sekunde ya kwanza itakula mita 28, na breki zitahitaji mita 56, kwa kuwa nguvu ya mwendo huzidi kwa kipeo cha pili. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Jumla ni mita 84. Na hiyo ni juu ya lami kavu. Juu ya udongo au majani ya mtaroni magurudumu hayashiki vile, na usukani hautii.

Kwa hiyo mchunguzi afikapo mahali pa ajali huinama chini kabla ya kuuliza watu. Hutafuta michirizi ya matairi juu ya lami. Ikiwapo, huipima, na kwa urefu wake hukadiria mwendo. Isipokuwapo, hilo nalo ni neno: huenda breki hazikukanyagwa, au hazikufanya kazi, au dereva hakuiona hatari mpaka imekwisha kumfikia. Hutazama pembe ambayo gari liliachia njia. Gari lililoteleza polepole kwa sababu dereva amesinzia huacha alama tofauti na gari lililogeuzwa ghafula kukwepa ng'ombe. Hutazama tairi: je, lilipasuka njiani, au lilipasuliwa na mgongano wenyewe? Kamba za ndani ya mpira humwambia. Kisha hupiga picha, huchora ramani, huandika vipimo, kwa maana mvua ya siku moja katika nchi kama Kaptagat yatosha kufuta mambo mengi. Kundi la watu waliokuja kutazama latosha zaidi. Nyayo mia mbili huharibu kuliko mvua.

Baada ya mahali, ni zamu ya gari. Mkaguzi hufungua breki, usukani na taa. Hata balbu ya taa husema, kwa kuwa uzi wake ukivunjika ukiwa na moto hupindika, na ukivunjika ukiwa baridi hukatika wazi. Hivyo yaweza kujulikana kama taa ilikuwa inawaka.

Kisha mwili. Uchunguzi wa maiti ya Kiptum ulifanywa Eldoret, ukisimamiwa na Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali. Alisema marehemu alipata majeraha makubwa ya kichwa, na fuvu na mbavu zilivunjika. Majeraha hayo yanapatana na mgongano mkubwa wa gari. Kazi hii huwachukiza watu wengi, na wako jamaa wanaoikataa kwa heshima ya maiti wao. Lakini fikiri ingekuwaje kama isingefanywa. Kila mwenye uvumi angekuwa huru kusema lo lote juu ya namna alivyokufa. Mpasuaji huuliza: je, mtu huyu alikufa kwa mgongano, au alikuwa amekwisha kufa? Je, moyo ulimwacha akiwa kwenye usukani? Jawabu la maswali hayo linatoka kwa marehemu mwenyewe, na marehemu hana sababu ya kupendelea upande wo wote.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Husemwa: chanzo cha ajali ni kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Maneno hayo utayakuta katika taarifa za ajali nyingi, si ya Kaptagat peke yake. Yatazame vema. Je, ni chanzo? Mtu akikuambia kwamba mgonjwa alikufa kwa sababu pumzi zilikatika, amekueleza ugonjwa? Amekueleza kifo kwa jina lake jingine tu. Kushindwa kulimudu gari ndiyo ajali yenyewe. Chanzo kiko nyuma yake. Usingizi, mwendo, tairi, mnyama, mwanga, kona, lami iliyobomoka: mojawapo ya hayo, au mawili matatu kwa pamoja, ndiyo mchunguzi aliyopewa kazi ya kuyatafuta. Akiandika "alishindwa kulimudu gari" na kufunga daftari, ameiacha kazi mlangoni.

Tena maswali ni mawili, wala si moja. La kwanza, kwa nini gari liliacha njia? La pili, kwa nini watu walikufa? Karne ya ishirini ilipita nusu yake kabla maswali hayo hayajatenganishwa vizuri. Aliyeanza kuyatenganisha ni Hugh DeHaven, aliyekuwa akijifunza urubani katika vita kuu ya kwanza. Mwaka 1917 ndege yake iligongana na nyingine angani, akaumia vibaya tumboni lakini akaishi. Akawaza: kwa nini mimi nimeishi? Akaona kwamba kishikizo cha mkanda wake ndicho kilichompasua ndani. Baadaye akakusanya habari za watu walioanguka kutoka juu sana wakaokoka, na mwaka 1942 akaeleza kwamba mwili wa binadamu waweza kuvumilia mshindo mkubwa mno, ikiwa kile kinachoupokea kinalegea kidogo na kuueneza. Kutoka katika fikira kama hizo ndipo motokaa zikapata usukani usiochoma kifua, na mkanda unaoshika bega na kiuno, ambao Nils Bohlin aliutengenezea kampuni ya Volvo mwaka 1959. Halafu daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, akafundisha kwamba kila ajali itazamwe katika nyakati tatu, kabla, wakati wa kugonga, na baada, na katika kila wakati aulizwe mtu, liulizwe gari, na iulizwe njia.

Ukiitazama taarifa ya Kaptagat kwa macho ya Haddon, mti unatoka nyuma ya pazia na kuja mbele. Gari likigonga kitu kisichosogea kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mshindo wake ni kama wa kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani dari ya nyumba ya orofa tatu. Kwa kilomita 100 ni kama kuanguka kutoka karibu mita 40. Kizuizi cha vyuma kandokando ya njia hupinda, nacho hula sehemu ya nguvu hiyo polepole. Mti mkubwa haupindi. Na mtaro wenye kingo kali hulishika gari kama reli inavyolishika gari la moshi. Likiisha ingia, dereva hata akiwa hodari hana njia ya kulitoa, na litakwenda liendako mtaro. Mita 60 ambazo Kiptum kwa miguu yake angezipita kwa sekunde kama 10, motokaa ya mwendo wa kilomita 100 huzimaliza kwa sekunde 2 na kidogo. Hapana nafasi ya kufikiri wala ya kuomba.

Nimeweka tarakimu za mfano, msomaji, usije ukazitwaa kuwa ni mwendo wa usiku ule. Nia yangu ni kukuonyesha kwamba hata kama kosa la dereva lingethibitishwa asubuhi ile ile, swali la pili lingalikuwa lingali limesimama. Watu wote hukosea. Nchi ya Swidi ilipopitisha siasa yake mpya ya barabara mwaka 1997, ilianza na neno hilo: kwamba binadamu atakosea, basi njia ijengwe ili kosa lake lisimwue. Wakang'oa miti iliyokaribia njia, au wakaikinga kwa vyuma. Kwetu mti wa kando ya barabara hupendwa kwa kivuli, na mtaro huchimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, na ni sawa; lakini mchunguzi asiyeandika neno juu ya mti na mtaro amewaachilia mashahidi wawili waende zao bila kuhojiwa.

Eneo hili lilikuwa limekwisha kuonja msiba kama huo. Tarehe 8 Agosti 2018 Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 wa mbio za mita 400 za kuruka viunzi, alikufa katika ajali ya gari huko Nandi, siku chache baada ya kurudi kutoka mashindano ya Afrika yaliyofanyika Asaba, Nigeria. Kwa yeye pia watu walilia, na wakubwa wakatuma salamu za rambirambi.

Sheria za Kenya hazikuliacha jambo hili wazi. Kifungu cha 386 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka askari, apatapo habari kwamba mtu ameuawa na mwingine, au amekufa kwa ajali, au katika hali ya kutia shaka, ampelekee habari hakimu na kuchunguza. Hakimu naye aweza kuketi kusikiliza mashahidi, ingawa hapana mshtakiwa. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuunda idara maalumu ya kuchunguza vifo. Neno "ajali" limo katika sheria pamoja na neno "kuuawa", wala halikuwekwa chini yake.

Kiptum alizikwa Naiberi, upande huo huo wa Kaptagat, tarehe 23 Februari 2024. Rais wa Kenya alikuwapo, na Sebastian Coe, rais wa shirikisho la riadha la dunia, alikuwapo. Serikali iliijengea jamaa yake nyumba katika siku chache kabla ya maziko. Mbio za Rotterdam alizotarajia kukimbia, akiwa na nia ya kushuka chini ya saa mbili, zilifanyika tarehe 14 Aprili bila yeye.

Katika mwaka 2023, na tena katika mwaka 2024, watu waliokufa katika barabara za Kenya walizidi 4,000. Kwa walio wengi hakuja mwanapatholojia mkuu, wala hakuja mwandishi wa habari kuuliza ni mita ngapi kutoka lami hadi kwenye mti. Majina yao yamo katika madaftari ya vituo vya polisi, na mbele ya kila jina ipo nafasi ya kuandika chanzo, nayo aghalabu imejazwa kwa maneno mawili matatu.